Kukubali Ili Yaishe

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka naanza na jiko la gesi. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni na shahada ya kemia, na wiki hiyo nilikuwa nimeitwa kuanza kazi katika maabara ya hospitali. Niliishi Thamesmead, mtaa wa London, kwa mjomba wangu Amour, pamoja na dada yake mkubwa, ambaye mimi nilimwita Mama Mkubwa Zuwena. Mama yangu mzazi, mdogo wao, alibaki Unguja wakati wao wawili walipoondoka baada ya Mapinduzi, na mimi nilikuja huku baadaye kusoma.

Nilikuwa mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Nikifunga mlango, narudi kushika kitasa. Nikitumbukiza barua posta, natembea hadi nyumbani nikijiuliza kama niliibandika stempu. Siku matokeo yalipobandikwa chuoni nilirudi ubaoni tena na tena nihakikishe kwamba lile jina ni langu na si la Mbarouk mwingine, kana kwamba chuo kile kilikuwa kimejaa akina Mbarouk.

Basi asubuhi hiyo nimekaribia kituo cha basi, nikajiuliza: jiko nimelizima? Nikaliona kichwani linawaka. Nikaona pazia linashika moto. Nikamwona Mama Mkubwa kalala, moshi unaingia chini ya mlango wake. Nikageuka nikakimbia. Nikapita ile njia ya zege ya juu inayounganisha majumba, nikashuka ngazi kwa kuruka, na chini ya ngazi polisi wawili wakanidaka.

Kumbe upande wa pili wa jumba lile bibi mmoja wa Kizungu alikuwa ametoka kunyang'anywa mkoba. Alisukumwa akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Aliwaambia polisi kwamba aliyemnyang'anya ni kijana mweusi, mrefu. Wakamleta mpaka pale niliposimama nimeshikwa mikono yote miwili, wakamwuliza, "Ni huyu?" Bibi wa watu alikuwa anatetemeka, machozi yanamtoka. Alinitazama kifuani zaidi kuliko usoni. Akasema, "Nadhani ndiye."

Wewe unanijua, mwanangu. Mimi na urefu hatujawahi kufahamiana. Mkoba hawakuukuta, si mkononi mwangu wala njiani nilikopita. Lakini nilikuwa mweusi na nilikuwa nakimbia. Wao waliona inatosha.

Kituoni wakaniuliza nilikuwa nakimbilia wapi.

"Nilikuwa narudi kuzima jiko."

"Lilikuwa linawaka?"

"Sijui. Hamkuniacha nikatazame."

Wakacheka. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba miaka yote aliyofanya kazi ile, hiyo ya jiko ilikuwa mpya. Mimi nikawaomba wapige simu nyumbani waulize kama jiko limezimwa. Fikiria! Mtu kashikwa kwa wizi wa mabavu, wasiwasi wake uko jikoni.

Jiko lilikuwa limezimwa. Nililizima mwenyewe kabla ya kutoka.

Sasa nikuambie jambo ambalo asiyekuwa mtu wa mawazo mengi huenda asilielewe. Nilipofungiwa kile chumba peke yangu, nilianza kuipita ile njia kichwani. Nikaipita tena na tena, nikitafuta wapi nilikosea. Je, nilimpiga kikumbo bila kujua? Je, nilisikia mtu akilia nisigeuke? Niliipita mara nyingi mpaka nikaanza kumwona yule bibi mahali ambapo sikumwona kabisa. Niliona koti lake. Koti lile nilikuwa nimeliona baadaye, wakati polisi wamemleta mbele yangu, lakini akili yangu ilikwisha kulichukua na kulipeleka kule njiani. Nilipotolewa kwa dhamana jioni yake nilikuwa sina uhakika tena na macho yangu mwenyewe.

Nikapewa wakili anayelipwa na serikali. Alikuwa Mwingereza mpole aliyechoka, mwenye majalada mengi kwapani. Akaniambia hadithi ya jiko haitaaminika. Akasema kwa kuwa sijawahi kushtakiwa na nina shahada, nikikubali kosa sitafungwa; nitatozwa faini, nitaonywa, nitakwenda zangu. Nikikataa na mahakimu wakaniona nina hatia, hapo hawezi kuniahidi kitu. Alinieleza yote hayo kwa upole. Kama nilifanya au sikufanya, hakuniuliza.

Mjomba Amour aliposikia maneno ya wakili, uso wake ulikunjuka.

"Alhamdulillahi! Kumbe jambo lenyewe jepesi. Kubali, yaishe."

"Lakini mjomba, sikuiba."

"Nani kasema umeiba? Mie nasema ukubali tu."

Usimcheke mjomba. Alikuwa anasema kutoka katika desturi tuliyolelewa nayo, na si desturi mbaya. Kwetu watu wakigombana, wazee hukaa, wakamwita aliye mdogo. Ana haki, hana haki, mdogo huinama, akambusu mkubwa mkono, akasema, "Nimekosa." Inasomwa Fatiha, kahawa inapita, na kuanzia hapo anayefufua maneno yale ndiye mwenye makosa. Nyumba nyingi zimebaki nyumba kwa sababu ya mtu mmoja aliyekubali kuinama. Mjomba alikuwa ameamini kwamba mahakama ni baraza kama lile, ila wazee wake ni Wazungu.

"Na mama yako," akaniambia. "Akisikia huko Unguja kwamba mwanawe anapanda na kushuka mahakamani, unataka afe kwa presha? Ubishi wa nini na serikali ya watu?"

Akanisimamisha katikati ya sebule, akawa yeye ndiye hakimu. Akanionyesha namna ya kuweka mikono nyuma, namna ya kuinamisha kichwa, namna ya kusema samahani kwa Kiingereza, sauti ya chini. Nikakosea, akanirudisha. Mama Mkubwa alikuwa pale pale kwenye kochi, anatazama miereka kwenye televisheni. Alipenda miereka mno, na alikuwa na mpiganaji wake mmoja mnene ambaye alimwombea dua kama mtoto wake.

"Halafu," akasema mjomba, "mwambie wakili awaeleze vizuri kwamba wewe si mweusi. Babu yako mzaa baba alikuwa mtu wa Manga. Waandike Mwarabu."

Mama Mkubwa hakuondoa macho kwenye televisheni.

"Amour! Kule tulikimbia kwa sababu watu walikuwa wanaulizwa nani Mwarabu. Leo wataka mtoto aokoke kwa kuwa Mwarabu? Na yule mweusi asiye na babu Manga, yeye afungwe?"

"Dada, hebu tazama miereka yako."

"Naitazama. Na huku pia naona."

Jumapili iliyofuata, bila kuniambia, mjomba akavaa suti yake ya Idi na kofia ya kiua, akachukua halwa aliyoletewa na msafiri kutoka Maskati, ambayo hatukuwa tumeruhusiwa hata kuifungua, akaenda kwa yule bibi. Alikuwa ameulizia mpaka akajua anakaa jumba gani, ng'ambo ya ziwa la mtaani kwetu. Alibisha hodi, akafunguliwa, akasema amekuja kwa ajili ya mpwa wake, kwamba familia nzima inasikitika, kwamba wanaomba awasamehe. Akarudi nyumbani anapiga mluzi.

"Yamekwisha," akasema. "Kaipokea halwa. Katabasamu. Mtu akishapokea mkono wako, atakushtaki tena?"

Siku chache baadaye wakili akapiga simu. Yule bibi aliogopa; aliwaambia polisi kwamba kaja mtu mlangoni pake. Na polisi wakaandika kwamba familia ya mshtakiwa imekwenda kwa aliyeibiwa kukiri kosa, na kwamba mjomba akithubutu kurudi tena atashtakiwa kwa kumtisha shahidi. Mjomba alisimama na mkono wa simu sikioni hata baada ya wakili kukata.

"Nimekwenda kuomba radhi," akasema. "Wao wanasema nimekwenda kumtisha? Na halwa?"

Alizeeka siku ile. Sikuweza kumlaumu, na nilitaka sana kumlaumu.

Basi wakili akaniambia hakuna njia tena ila kukubali. Nikakubali kwamba nitakubali. Unafikiri niliona uchungu? Niliona raha, mwanangu. Niliona kama mtu aliyekesha na jino linauma, akaambiwa litang'olewa kesho. Nikaanza hata kujipangia sababu nzuri: kwamba faini italipwa, kwamba hospitali huenda wasijue, kwamba labda kweli nilimgusa yule bibi nikipita, na kama nilimgusa basi nina sehemu yangu ya kosa. Mtu mwenye mawazo mengi hakosi sababu. Anaweza kujifunga mwenyewe na akajieleza vizuri kwa nini kamba ile ni nzuri.

Alasiri ya siku moja kabla ya mahakama, Mama Mkubwa alikuwa jikoni anachagua mchele kwenye sinia. Akaniita nikakae mbele yake.

"Mbarouk. Mkoba wa yule bibi umeuchukua?"

"Mama Mkubwa, jambo lenyewe lina pande nyingi. Inawezekana nilipompita..."

"Sikukuuliza pande. Umechukua, hukuchukua?"

"Sidhani kama nilichukua."

Mkono wake ukasimama kwenye mchele.

"Hudhani? Mtu anaulizwa kaiba, anajibu kama kaulizwa leo itanyesha? Tazama hapa usoni kwangu. Umechukua?"

"Sikuchukua."

"Sema tena, sikusikia."

"Sikuchukua, Mama Mkubwa!"

"Haya. Sasa kesho unakwenda kusema umechukua kwa sababu gani?"

"Ili yaishe."

"Yamwishie nani?" Aliisukuma ile sinia pembeni. "Wakili yatamwishia, atakwenda kula chakula chake cha mchana. Mjomba wako yatamwishia, atalala. Wewe ndiyo kwanza yatakuanza. Kila mlango utakaobisha wa kazi watakuuliza, na utasema ndiyo, mimi ni mwizi, na nilisema kwa kinywa changu. Na yule bibi je? Mmemfikiria? Kaanguka, kavunjika mkono, kaibiwa vitu vyake. Ukisema ni wewe, nani atakwenda kumtafuta aliyemwangusha? Mwanamke mzee kesha kuibiwa, na wewe unakwenda kumdanganya. Kuinama kwa ugomvi wa nyumbani ni adabu. Hili ni uongo, na wala hautakuwa adabu kwa kuwa umeinamisha kichwa."

Nikamwuliza lile swali lililokuwa linanikaa kooni siku zote zile.

"Na wakinifunga?"

Nilimwona anafikiri, na nilitamani aseme hawatanifunga, lakini hakuwa mtu wa kumpa mtu maneno asiyokuwa nayo.

"Wakikufunga nitakuja kukutazama kila watakaponiruhusu, na nitawatukana kwa Kiswahili mpaka walinzi wajifunze. Lakini watakuwa wamekufunga wao. Wewe usiwasaidie."

Kesho yake karani wa mahakama akanisomea shtaka, akaniuliza nakubali au nakataa. Nyuma yangu mjomba alikohoa, kile kikohozi chake cha kunikumbusha kuinamisha kichwa. Wakili alikuwa tayari anafunga jalada langu. Kichwani mwangu zilikuwepo sauti zote kwa pamoja, kila moja na hoja zake. Nikaona nikingoja zikubaliane nitakufa nimesimama pale. Nikafungua mdomo zikiwa bado zinabishana.

"Sikufanya," nikasema. "Nakataa."

Wakili alinigeukia kama mtu aliyemwagiwa chai.

Natamani ningekuambia kwamba ukweli ulishinda siku ile. Haukushinda. Kesi iliposikilizwa, mahakimu watatu walinisikiliza habari za jiko, wakatazamana. Wakasikia habari za halwa. Wakaniona nina hatia. Kifungo changu wakakisimamisha, maana yake nikikosea tena ndipo nitakwenda jela, na faini juu yake. Hospitali baadaye wakaniandikia kwamba nafasi ile haipo tena. Siku hiyo ya hukumu nilitoka nikakaa kwenye benchi la ukumbini, nimekasirika na kila mtu, na zaidi ya wote Mama Mkubwa, ambaye alikuwa kakaa pembeni yangu na mkoba wake mapajani.

Upande wangu wa pili alikaa kijana ambaye wazazi wake walitoka Jamaika. Akaniuliza nimepata nini. Nikamweleza. Akashangaa.

"Ulikataa? Mimi nilikubali kwamba nimeiba baiskeli. Yenyewe ilikuwa ya binamu yangu, ila siku ile binamu hakupatikana. Nilitaka kwenda nyumbani tu."

Wakili akatukuta hapo. Akaniambia kwamba kwa kuwa nilikataa kosa tangu mwanzo, ninayo haki ya kupeleka kesi mahakama ya juu ikasikilizwe upya yote. Yule kijana akauliza, "Na mimi je?" Wakili akamtazama, akasema kwamba mtu akishakubali mwenyewe kwa kinywa chake, ni vigumu sana kumtoa. Alisema kwa upole, kama kawaida yake. Kijana akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukaa. Nimewaza habari za kijana yule miaka mingi kuliko nilivyowaza habari zangu, na jina lake sikumwuliza.

Mama Mkubwa hakuwa anajua sheria hiyo. Alikuwa amekataa uongo tu, bila kujua kama kuna mlango nyuma yake.

Ikapita miezi. Mahakama ya juu nilipewa wakili mwingine, mwanamke kijana, ambaye kabla ya kuketi aliniuliza, "Ulifanya?" Nikasema hapana, na safari hii sikuongeza neno. Yule bibi aliitwa tena kutoa ushahidi. Wakili wangu hakumkaripia. Alimwuliza jambo ambalo kesi yote hakuna aliyemwuliza.

"Uliuona uso wake?"

Bibi akasema, "Hapana. Niliona mgongo wake, na mkono. Niliambiwa wamemkamata."

"Alikuwa na urefu gani? Kama nani humu ndani?"

Akatazama huku na huku, akamnyooshea kidole askari aliyesimama mlangoni. "Kama yule."

Nikaombwa nisimame. Kuna mtu alicheka huko nyuma. Jaji hakucheka. Jioni ile hukumu yangu ilifutwa.

Nje, kwenye ngazi, yule bibi alinisogelea. Mjomba alirudi nyuma kana kwamba atashtakiwa kwa kusimama karibu naye. Bibi akaniambia kwamba siku ile alikuwa na maumivu, kwamba polisi walisema kwa uhakika, na yeye akadhani wanajua. Akaniambia kwamba ndani ya mkoba ule mlikuwa na picha ya marehemu mumewe, ambayo hana nyingine. Halafu akauliza, si mimi tu, alituuliza sote tuliokuwa pale, "Sasa aliyeuchukua yuko wapi?" Tangu asubuhi ile waliponidaka mimi, hakuna aliyekuwa amemtafuta.

Nayaandika haya, mwanangu, kwa sababu wiki iliyopita nimesikia mmoja wenu nyinyi vijana akieleza mezani, kwa Kiingereza chenu, kwamba polisi walimwambia akubali onyo tu, yaani aandikwe kwamba amekosa bila kupelekwa mahakamani, si kitu, atoke aende zake. Akakubali. Nikamwuliza alifanya nini. Akasema hakufanya kitu. Sikuweza kula.

Basi nisikilize. Kama umefanya, sema umefanya, uombe radhi, ulipe. Kama hukufanya, usiseme umefanya ili utoke kwenye chumba. Chumba kile utakibeba mfukoni kila uendako. Ukishikwa, taja jina lako, uombe wakili, unyamaze mpaka afike. Usijaze ukimya wao kwa mawazo yako, hasa wewe mwenye mawazo mengi kama mimi, maana mawazo yetu huwafanyia wao kazi. Na mzee wako akikuambia kubali yaishe, mheshimu, mbusu mkono, na usimtii.

Tena usijione salama kwa sababu ya babu yako, wala shahada yako, wala mtaa uliohamia. Anayekutazama kwa haraka hatazami hayo. Na ukisikia mtoto wa Mkongo kashikwa, au wa Mjamaika, au Msomali wa jumba la pili, usiniambie kwamba hashikwi mtu bure. Nilishikwa bure. Nenda ukakae naye kwenye benchi. Umwulize kama alifanya, kwa sababu inawezekana hakuna aliyemwuliza, na umwulize jina lake.

Mwenyezi Mungu akulinde na mwenye haraka ya kuhukumu, na akulinde na uchovu wako mwenyewe siku utakapotaka yaishe kwa njia yoyote. Akupe kinywa kinachosema ndiyo kwa ndiyo na hapana kwa hapana, na mtu wa kukaa pembeni yako ikikugharimu. Amina.